Sahani Mbili Kabla ya Mechi

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, ukiishi mtaa wa Woodley na uwe na dada anayecheza tenisi, ulikuwa na kazi ya kueleza. Watu walijua kandanda na walijua mbio. Tenisi ilikuwa ya watu wa Loresho, wenye mageti ya kufunguliwa na mtu mwingine. Lakini baba alikuwa mtunza viwanja katika klabu moja upande wa mjini, kila asubuhi akimwagilia ule udongo mwekundu na kuusawazisha kwa rola, na dada alikua akipiga mipira iliyozeeka kwenye ukuta wa stoo mpaka wakubwa wa klabu wakachoka kumfukuza, wakaanza kumfundisha.

Mimi sikucheza. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, niko tu nyumbani, asubuhi nauza mandazi ya mama na mchana naota. Katika ndoto zangu dada alikuwa tayari kwenye televisheni, na mimi nimeketi pembeni na miwani ya jua, namshikia taulo.

Mwaka huo klabu ikaandaa mashindano ya wanawake wa kulipwa, mmoja kwa mmoja. Yalikuwa ya ngazi ya chini kabisa, ya wasichana wanaozunguka dunia wakijibebea mabegi. Dada akapewa nafasi kama mwenyeji. Akishinda mechi moja, moja tu, angepata pointi, na jina lake lingeingia kwenye orodha ya wachezaji wa dunia nzima. Lingekuwa huko mwisho, chini ya mamia ya wengine, lakini lingekuwa ndani. Hiyo pointi ilimnyima usingizi. Nilijua kwa sababu tulilala chumba kimoja na kitanda chake kilikuwa kinalia kila akigeuka.

Wachezaji wageni walikaa katika nyumba za wanachama ili wasilipe hoteli. Msichana mmoja kutoka Romania alichelewa kufika, akakuta Loresho kumejaa. Baba alituletea habari hiyo wakati wa chai, ati mtoto wa watu ameketi juu ya begi tangu asubuhi.

"Si umlete hapa," mama akasema.

"Alale wapi?"

Mama aliniangalia tu, na siku hiyo nikahamia kwenye kochi.

Mgeni alikuwa mrefu mpaka miguu ikatokeza nje ya kitanda changu. Kiingereza chake na cha mama vilikuwa vya kiasi kimoja, kwa hivyo walielewana sana. Siku ya kwanza alijifunza kusema asante. Siku ya pili, baada ya chakula cha jioni, dada akamfundisha neno jingine, tosha. Alilisema vizuri tu, mkono juu ya tumbo, lakini mama hakuwahi kulisikia. "Kula, mami," aliendelea, akiongeza sukuma wiki. "Kula. Umekonda."

Ratiba ikatoka. Raundi ya kwanza: dada na mgeni wetu.

Walirudi nyumbani, mgeni ameficha uso kwa mikono kama mtu aliyekutwa akiiba. Dada ndiye aliyeanza kucheka. Halafu usiku kitanda cha dada kikalia kuliko siku zote. Nilikisikia kutoka kochini.

Asubuhi ya mechi mama alitandika meza kama ya Krismasi. Kulikuwa na chapati na mayai na chai ya maziwa, na katikati sufuria ya nduma, yale magimbi ya kuchemsha, kutoka shamba la cucu, nyanya yetu, kule Mutuini, zile kubwa, za kijivu, ambazo ukila kipande kimoja unahitaji kuketi kidogo. Mgeni akajaziwa sahani. Hapo akaingia jirani kuomba kiberiti, akaiona ile sahani, akapiga makofi.

"We mama! Hiyo sasa ndiyo akili! Mshibishe mpaka ashindwe kuinuka!"

Mama akaweka mwiko chini. "Mgeni alale njaa kwangu? Wewe ulilelewa wapi?"

Jirani akaondoka akicheka, na kiberiti akakisahau. Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndizi yake ya mechi mkononi. Akaiweka kabatini, akavuta kiti.

"Mama, nipakulie kama zake."

"Wewe una mechi."

"Na yeye ana mechi. Nikishinda, Woodley nzima itasema ni nduma zimeshinda. Nipakulie."

Mama alisita, akapakua. Dada akamaliza. Mgeni, alipoona mwenyeji anakula hivyo, nadhani alidhani ndiyo desturi yetu kabla ya mashindano, akaongeza. Dada naye akaongeza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Uwanjani walitembea kama kina mama wametoka kisimani, mtungi kichwani. Mpira ukianguka karibu na wavu, kila mmoja aliutazama kwa heshima, akauacha. Dada alichukua seti ya kwanza. Mama akapiga vigelegele, refa akamwomba anyamaze. Mgeni akachukua ya pili, mama akapiga tena, lakini vifupi. Ya tatu ikaenda bega kwa bega mpaka mgeni akagusa mpira taratibu, ukaruka wavu, ukadunda. Siku nyingine yoyote dada angeufikia akiimba. Alianza kukimbia, akashika tumbo, akasimama, na mechi ikaishia hapo.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, mazuri, ya televisheni. Lakini aliketi kwenye nyasi kuvua viatu, akakaa na kimoja mkononi kwa muda mrefu. Nikayasahau yote. Nikamvua kile kingine.

Mgeni tulimkuta getini na begi lake, macho mekundu, hataki kurudi kwetu kwa aibu. Dada akalichukua begi, akalibeba begani.

"Twende. Mama amepika."

Kesho yake asubuhi mgeni alikuwa na raundi ya pili. Alikuja mezani amelegeza mkanda kabisa, tayari. Mama akamwekea ndizi moja na kikombe cha uji mwepesi.

"Kula, mami. Mtu akienda kukimbia hajazi tumbo."

Dada akaweka kikombe chake chini polepole.

"Mama. Jana ndizi zilikuwa zimepotea?"

Mama akapangusa meza mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Jana alikuwa anacheza na nani?"

"Na jirani je, ulivyomgombeza?"

"Jirani ni wa kuambiwa kila kitu?"

"Si ungeniambia mimi!"

"Ungekubali?" Mama akageuka, na sauti ikawa ndogo. "Nilikuwa nimepanga vizuri kabisa. Wewe ukaja ukavuta kiti."

Dada alicheka mpaka akaweka kichwa mezani, na alipokiinua machozi yalikuwa mengi kuliko ya kicheko. Mama akayafuta kwa kile kile kitambaa cha meza. Mgeni alitutazama mmoja mmoja, akamaliza ndizi yake, akainua ganda tupu.

"Tosha?" akauliza, kwa matumaini kidogo.

"Tosha," akasema mama.