Wageni kwenye Shuka Jeupe

Kwetu Likasi, sherehe isiyo na kamera haihesabiwi kuwa sherehe. Mpiga picha anazunguka ukumbini na kamera begani, na kila anachokielekea kinatokea papo hapo kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele. Watu wanapenda kujiona. Mama mmoja akijikuta pale juu ameshika paja la kuku, anacheka, anajifuta mdomo, anapunga mkono, na meza nzima inapiga kelele. Harusi, ubatizo, hata siku ya kuondoa matanga, shuka lazima liwepo.

Kaka yangu ndiye aliyeleta kamera siku tulipoondoa matanga ya baba. Nilimwambia ni upuuzi. Akanijibu nisimtie aibu mbele ya watu.

Siku hiyo ilikuwa na kazi moja tu, mengine yote mapambo. Mama alikuwa amevaa nyeusi tangu mazishi, na upande wa baba mjane hajivui mwenyewe. Dada wa marehemu ndiye anayemfungua kitambaa cha kichwani mbele ya wageni, akamfunga kingine cha rangi, na hapo kila mtu anajua kwamba ukoo hauna neno naye. Asipofunguliwa, maana yake inajulikana pia. Anatoka pale akiwa mtu aliyemuua mumewe, na hakuna mahakama ya kumsafisha.

Tulimkalisha mama mbele kabisa, akiwapa wageni mgongo kama mjane anavyotakiwa, asiongee, asigeuke. Hakuna aliyefikiri kwamba tumemweka uso kwa uso na shuka.

Baba alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na mapafu yake yakaishia huko. Nyumbani kwetu ni Wakatoliki. Ndugu zake wanasali makanisa ya uamsho, na wiki ya mwisho shangazi alifika hospitali na pasta wake ili wamtoe baba, wampeleke kwenye chumba cha maombi. Baba alikataa. Alikataa mwenyewe, kwa kinywa chake, pumzi ikimpa taabu. Mimi nilikuwa Mulungwishi ninakofundisha, lakini kaka alikuwepo kando ya kitanda pamoja na mama, na jioni ile alinipigia simu. "Papa amekatala," aliniambia. "Anasema anataka kufa na rozari yake." Shangazi na pasta walikuwa wanangoja nje ya mlango. Aliyetoka kuwapa jibu alikuwa mama.

Basi nilikuwa nagawa soda, muziki umejaa hadi sakafu inatetemeka, nikainua macho na kumwona shangazi kwenye shuka. Alikuwa amemwinamia baba mdogo sikioni. Mpiga picha alimpenda kwa sababu ya gauni lake, akamfuata. Shangazi akanyoosha kidevu kuelekea kiti cha mama. Baba mdogo akageuka kumtazama jirani yake, jirani akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akautazama mgongo wa mama, kisha akamwinamia wa pembeni. Sauti haikuwepo, na haikuhitajika. Neno lilikuwa linatembea kutoka meza hadi meza na sote tulikuwa tunaliona likitembea, sisi tuliojua pa kutazama.

Kwenye meza moja, nikiwa naweka chupa, nililisikia lenyewe.

"Ni yeye njo alikatala pasta aingie," mwanamke mmoja alikuwa anasema. "Alifungia bwana yake mulango."

Aliponiona akaomba soda ya machungwa. Nikampa.

Nilikwenda kwa mama nikamwinamia. "Mama, tuzimishe hii kintu?"

"Acha nione," alisema.

Nikaomba umeme ukatike. Umeme wa bwawa la Koni, unaotukimbia pasi ikiwa juu ya nguo, maharagwe yakiwa nusu, siku hiyo ulikaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Shangazi akafika kwenye meza ya kaka, na baba mdogo na pasta nyuma yake. Kaka ananunua mawe ya madini kwa wachimbaji kule Kamatanda, kwenye depo ya baba mdogo. Nafasi ile alipewa na baba mdogo, na baba mdogo anaweza kuichukua kesho asubuhi. Wakamsimamia. Nilijua wanamuuliza kama ni mama aliyemkatalia pasta, maana yeye ndiye pekee wa kuulizwa. Niliweka kreti chini nikaanza kupenya kati ya viti, lakini watu walikuwa wengi na wengine walianza kucheza, na kabla sijafika uso wa kaka ukajaa shuka zima. Aliangalia glasi yake. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaitikia tena, jinsi mtu anavyofanya akitaka aliye mbele yake aondoke.

Nyuma yangu vijana walipiga makofi kwa kuwa alipendeza. "Grand! Grand!" walimshangilia, kama wanavyomwita mtu mkubwa.

Shangazi alirudi kuketi. Kitambaa cha rangi alichokuja nacho kilibaki mapajani mwake, na chakula kikaletwa.

Kaka alimpelekea mama sahani mwenyewe. "Mama, kula kidogo."

"Papa," mama alimuuliza polepole, kwa jina analomwita tangu utotoni, "balikuuliza nini kule?"

"Haina kintu, mama. Muziki ilikuwa mingi, sikusikia muzuri."

"Aksanti, papa."

Akapokea sahani, akala nyama yote na samaki wote, akiwapa wageni mgongo, mpaka ukumbi ukabaki na viti. Yale niliyomwambia kaka nje ya ukumbi siwezi kuyaandika hapa. Alilia. Machozi yake hayakunigusa, na hayajanigusa hadi leo.

Nyumbani nilishika fundo la kitambaa nimfungue mama mwenyewe. Akaushika mkono wangu, akauondoa taratibu kichwani pake.

"Acha," alisema. "Mbali na miye, ni kaka yako tu njo aliona papa yenu akikatala. Na alisha kusema."