Moraa Alipokuja Kunipima Kiholanzi

Usiku ule Moraa alikuja kunipima Kiholanzi, yeye aliyekufa bila kujua hata neno moja la lugha hiyo. Aliingia bila kubisha, kama zamani tulipokuwa tukikodi chumba kimoja, akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Godoro halikubonyea. Niliona, na sikushtuka. Nilikunja miguu tu ili kumpa nafasi.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Kitabu kiko wapi?"

Aliniita Mwalimu tangu tulipokutana shambani, kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Yeye aliishia darasa la saba. Jina lilikuwa la mapenzi na la kunichokoza pia. Meneja akifungua mdomo, Moraa ananigusa kiwiko: "Mwalimu, huyo anabwata nini?"

Nikakitoa kitabu chini ya mto. Ni kitabu chembamba cha mitumba, kilichoandikwa kuwafundisha Kiholanzi watu wanaojua Kiingereza. Somo la kwanza ni jepesi hata unajiona una akili kuliko ulivyo. Hand ni mkono, water ni maji, melk ni maziwa, appel ni tufaha. Mwenye Kiingereza anapita humo kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwao. Tabu inaanza na herufi g, inayokwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Moraa anakishika kitabu juu chini, na bado anaona kila kitu.

"Nyumba?"

"Huis."

"Mlango?"

"Deur."

"Maua?"

"Bloemen."

"Kavu?"

"Droog." Nikaikwaruza g vizuri, nikitaka anisifu.

Kidole chake kikasimama katikati ya ukurasa. "Na majimaji?"

Nikageuza macho dirishani.

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu wiki jana," nikasema, na ukuta wa chumba nyuma yake ukaanza kuwa plastiki, ile plastiki nyeupe inayopitisha mwanga bila kupitisha jua, na mimi najua tumefika wapi kabla hajasema.

Tumesimama mlangoni mwa grinihausi namba saba, banda la plastiki la mawaridi. Ni asubuhi ileile. Kibao chekundu bado kimetundikwa, kile kinachomkataza mtu kuingia kabla dawa ya kuua wadudu haijakauka. Ilikuwa wiki ya maua ya Siku ya Wapendanao, wiki ambayo shamba zima hulala na kuamka na mkasi mkononi. Akina mama wa laini yetu, kundi letu la kukata maua, wamepanga foleni na ndoo zao. Mbele yao amesimama meneja, yule tuliyembandika jina la Bwana Saa kwa vile haachi kutazama saa yake ya mkononi, na pembeni yake mzungu mwenzake anayesimamia dawa. Huyo wa dawa anamwambia kitu, anaelekeza kidole ndani. Bwana Saa anatazama saa. Anamjibu kwa Kiholanzi chao, maneno machache, bila haraka, kama mtu anayesema chai imepoa.

Kisha ananigeukia mimi. Anaongea Kiingereza. Niwaambie akina mama kwamba ndani kumekauka.

Nami nikawageukia, nikapaza sauti: "Kumekauka! Ingieni!"

Wa kwanza kuinua ndoo alikuwa Moraa. Alikiangalia kibao chekundu, akaniangalia mimi, akanikonyeza. "Mwalimu akisema kumekauka, kumekauka," akawaambia wenzake, wakacheka, wakaingia.

Mimi sikuingia. Niliitwa ofisini kutafsiri barua.

Siku ile ilikwenda hivyo, na ndotoni ilikwenda hivyo pia, ila ndotoni niliyaona majani. Yalikuwa yanametameta. Matone yalikuwa yakiangukia shingo za akina mama walipoinama, yakiwaingia ndani ya mikono ya nguo zao, nami niko nje nimeshika barua ambayo haina maandishi.

Jioni ya siku ile Moraa alianza kutokwa na mate na machozi bila kulia. Siku ya tatu tulimfunika uso. Cheti cha kifo kilisema ni kifua. Wengine wa laini yetu waliugua wakapona, kila mmoja akidhani ni malaria yake mwenyewe. Na kwenye mazishi, shamba lilileta shada kubwa la mawaridi mekundu, yaliyokatwa namba saba. Bwana Saa aliliweka juu ya jeneza kwa mikono yake, akainamisha kichwa, akatazama saa.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kwa utulivu. Sauti alizozitoa mlangoni nilikuwa nimezibeba kichwani. Niliziandika kwa herufi zetu nyuma ya kalenda, jinsi sikio lilivyozishika. Nikanunua kitabu. Kila jioni somo moja. Watu wa ploti, wapangaji wenzangu, walidhani natafuta mchumba wa Ulaya. Nilipofika somo la hali ya hewa, neno lile, nat, likatokea lenyewe, limelala katikati ya mvua na baridi na jua, na maneno yote ya nyuma ya kalenda yakafunguka mbele yangu. Het is nog nat. Laat ze maar gaan.

Bado ni majimaji. Waache tu waende.

"Basi litamke," Moraa anasema. Tumerudi kitandani, au kitanda kimetufuata.

"Nitalitamka kesho, Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

"Kuna wageni." Nikamweleza kwa haraka, nikiwa na furaha mbaya iliyokuwa ikinipanda kama homa. Wanunuzi wanakuja kutoka Uholanzi. Bwana Saa amesikia kwamba najifunza lugha yao, amefurahi, ameniomba mwenyewe niwakaribishe kwa Kiholanzi mbele ya wafanyakazi wote. Ameniandikia na karatasi ya salamu. Karatasi yake sitaisoma. Nitasimama, nitamtazama machoni, nitamrudishia maneno yake mawili matatu kama alivyoyasema, pamoja na siku na mlango. "Nimeyanoa, Moraa. Nataka nimwone akikosa pa kuweka uso."

Moraa akanyoosha mkono, akalivuta pazia la dirisha.

Nyuma ya pazia ni ukumbi wa chakula. Jumatatu imefika bila mimi kulala. Wageni wameketi mbele kwenye viti vya kuazima kanisani, Bwana Saa amevaa tai. Nyuma wamesimama akina mama na aproni zao za kijani, na mbele yao Mama Shiko, mkubwa wa laini yetu, mikono ameikunja kifuani kwa fahari kama mama wa bibi harusi. Nafungua mdomo. Maneno yanatoka safi, g yangu inakwaruza kama ya kwao, siyumbi hata kidogo. Siku. Mlango. Het is nog nat. Laat ze maar gaan.

Na damu inauhama uso wa Bwana Saa. Naiona ikishuka, kutoka kwenye paji, mashavuni, shingoni, inaingia kwenye kola. Wageni wanatazama viatu vyao. Ah, utamu ule! Sijawahi kula kitu kitamu kama kimya kile. Nilitaka kiendelee mpaka amalizike.

Kisha nyuma yangu mtu akapiga makofi.

Ni Mama Shiko. Anapiga makofi na kucheka, na wenzake wanamfuata, na mmoja anapiga kigelegele. "Mwalimu wetu!" wanaitana. "Amewasalimia! Sikia anavyokwaruza, utadhani alizaliwa huko!"

"Leo tumeheshimika," anasema Mama Shiko. "Leo mzungu ameona sisi si wa kushika ndoo tu."

Bwana Saa anawatazama. Anaelewa kwamba hawajaelewa. Damu inarudi usoni pake taratibu, kwenye kola, shingoni, mashavuni, na yeye pia anaanza kupiga makofi.

Akina mama wanachukua ndoo zao. Wanatoka ukumbini kwa foleni, wanaelekea namba saba, na kibao chekundu kinaning'inia pale pale. Nakimbia. Nataka kuwaambia wasiingie, lakini Kiswahili kimenitoka chote, kinywani nina neno moja tu. "Nat!" napiga kelele. "Nat! Nat!"

"Ndiyo, Mwalimu," wananijibu wakicheka, wakiniiga. "Nat, nat, nat." Na wanaingia mmoja mmoja, wakifunika vichwa kwa mikono kwa mzaha, kama watoto wanaoingia mvuani.

Ndani nilimkuta Moraa peke yake. Wengine sijui walikwenda wapi. Alikuwa amesimama kati ya mistari miwili ya mawaridi yaliyofumba, yale ya kukatwa siku hiyo hiyo, na alikuwa hacheki tena.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Uliuona uso wake?"

"Niliuona." Akanisogelea. "Nekesa, yule mtu anajua alichosema. Alikijua asubuhi ile. Umejifunza lugha nzima ili umwambie jambo analolijua."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina langu, hai au maiti.

"Nataka aumie," nikasema.

"Mimi nataka aumie kuliko unavyotaka wewe. Wewe alikukosea. Mimi aliniua."

Akagusa ua moja kwa ncha ya kidole. Likafunguka lote kwa mara moja, petali zikalegea, moyo wa njano ukaonekana. Kila mfanyakazi wa maua anajua maana yake: waridi likishafunguka shambani halina mnunuzi, ni la kutupwa. Akagusa la pili. Akaanza kutembea, mkono umenyooka, na mstari mzima ukawa unafunguka nyuma yake kama moto unaoshika nyasi.

"Akina mama wakikaa nje siku moja tu," akasema bila kugeuka, "yote yatakuwa hivi. Wiki hii. Mbele ya wageni wake. Hapo ndipo ataitazama saa yake mpaka imuumize macho."

"Hawatakaa nje. Kwa nini wakae nje?"

"Kwa sababu utawaambia."

Nikageuka kuutafuta mlango.

"Kwa nini umechagua lugha ambayo Mama Shiko haisikii?"

Nilitaka kusema ni kwa ajili ya wageni. Nilitaka kusema ni ili aibu yake iwe kubwa. Lakini mbele ya marehemu uongo hautoki, unakwama palepale g inapokwaruza.

"Kwa sababu wataniuliza ni nani aliyewaambia kumekauka," nikasema.

"Ni nani aliyewaambia?"

"Mimi."

"Sijasikia."

"Mimi, Moraa! Mimi ndiye niliyewaambia."

Akageuka. Mawaridi yalikuwa yamefunguka mpaka mwisho wa grinihausi, mekundu, makubwa, yasiyo na faida kwa mtu yeyote, na harufu yake ilikuwa nzito hata nikashindwa kuvuta pumzi.

"Basi anza hapo," akasema. "Kwa mdomo uleule. Kwa lugha ileile."

"Umenisamehe?"

"Sijaja kwa ajili ya hilo."

Akatoka. Plastiki ilifunguka ikampisha, ikajifunga.

Niliamka mikono imeshika shuka kama mtu aliyeokolewa majini. Alfajiri ya Jumatatu ilikuwa imeingia dirishani, na nje kwenye ploti bomba lilikuwa limeshaanza kulia ndani ya madumu. Sikunawa uso. Nilitoka peku mpaka mlango wa tatu, ambako Mama Shiko alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake, chai inachemka.

"Umeamkaje, Mwalimu? Leo ndiyo siku yako," akasema. "Hiyo salamu umeishika?"

"Mama Shiko, siku ile ya namba saba, mimi ndiye niliyewaambia kumekauka."

"Si najua? Nilikuwa pale, nilikusikia."

"Kulikuwa hakujakauka. Bwana Saa alijua. Kabla hajaniambia mimi kwa Kiingereza, alimwambia mwenzake kwa lugha yao kwamba bado ni majimaji, na kwamba muachwe tu muende. Mimi sikujua wakati ule. Nimejua baadaye, kitabuni."

Chai ikapanda, ikafurika, ikazima nusu ya makaa. Hakuiondoa. Alikuwa akitazama mikono yake, ambayo tangu siku ile haiwezi kushika sindano bila kutetemeka, na ambayo alikuwa akiitetea kila mara kwa kusema ni uzee.

"Kwa hiyo Moraa..." akaanza.

"Ndiyo."

"Na malaria yangu."

"Ndiyo, mama."

"Umejua tangu lini?"

"Wiki jana."

"Wiki nzima," akasema polepole. "Wiki nzima, Nekesa, na sisi tunaingia mle kila asubuhi."

Akasimama. Akanizaba kofi moja, la nguvu, lililoniwasha sikio mpaka macho yakajaa. Sikuinua mkono. Kisha akajifunga leso kiunoni, akaruka dimbwi la chai, akaanza kugonga mlango wa jirani kwa ngumi, halafu uliofuata, halafu uliofuata.

"Amkeni!" akaita. "Tokeni mumsikie Nekesa. Na msivae gambuti za kazi, leo hatuendi popote."