Ridi Tatu Kutoka Paris

Enzi zetu pale shule ya Kibugu, sisi tuliozaliwa bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya, tulijua ukoo wa fundi mmoja Mfaransa kuliko ukoo wetu. Msiniulize mama yake nyanya yangu aliitwa nani. Niulizeni ukoo wa saksafoni! Babu alichonga filimbi za mti huko Paris, mwanawe akaleta shaba, mjukuu akaongeza vitufe. Mwalimu Nyaga alituhubiria haya kila Ijumaa kwenye paredi, sisi miguu peku, tunatetemeka kwa baridi ya mlima, matumbo yakingoja uji. Kila muhula ukoo ule ulipata mjukuu mwingine. Nadhani aliwazaa yeye mwenyewe.

Saksafoni yenyewe iliachwa na padri aliyerudi kwao. Ilikuwa na mbonyeo ubavuni, kwa sababu mbuzi wa hedimasta aliipiga pembe. Mwalimu alinichagua mimi niipulize, si kwa kipaji, ila kwa kuwa nilikuwa na mapafu ya kuita ng'ombe aliye bonde la pili. Mama akawaka. "Muthoni, msichana akipuliza bati meno hutoka nje! Na majani chai hayajichumi!" Meno yangu, asanteni kwa kuuliza, yako ndani.

Mashindano ya muziki yalikuwa muhula uliofuata, Embu mjini. Nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni, maana mbinguni hakuna aliyetuahidi lori, mkate na soda. Basi si nikaikanyaga ridi! Ridi ni kile kibao chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni. Bila hicho umeshika bomba la maji tu. Na tulikuwa nayo moja. Nililia mpaka kamasi zikafika kidevuni.

"Nyamaza," Mwalimu akasema. "Nitawaandikia wenyewe Paris."

Na kweli jibu likaja, kwa Kifaransa kitupu. Mwalimu akalipeleka misheni likasomwe, akarudi akasimama kwenye paredi. "Wanawasalimu wanafunzi wote wa Kibugu. Ridi ziko njiani." Tukapiga makofi tukielekea upande wa Paris, ambao kwa hesabu zetu ulikuwa upande wa choo.

Baada ya wiki mbili akaleta ridi tatu ndani ya karatasi ya sukari. Tukazinusa kwa zamu. Paris ilinuka moshi. Mwalimu alikuwa amefunga kidole gumba kwa kitambaa, lakini siku hizo mwalimu hakuulizwa maswali. Ridi ya kwanza ilikoroma. Ya pili ikakataa kabisa. Ya tatu, jamani, ya tatu iliimba! Tulikuwa wa nne kati ya shule tano, na nikanywa soda nzima peke yangu.

Mwaka jana tulimzika Mwalimu. Mkewe, Mama Ireri, akanipa ile barua aliyoikuta sandukuni. Binti yangu anasoma Kifaransa chuoni, akanisomea: karakana ilishafungwa, mafundi walishatawanyika, samahani, hatuna cha kuwatumia.

Nikarudi mbio kwa Mama Ireri. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, alikata mianzi msituni, akaichonga kwa wembe, akaikausha juu ya moto wangu. Nikamwambia, mwambie mtoto ukweli. Akasema atakuambia ukishakunywa soda."

Hakuniambia, mzee mwongo yule. Nililia pale pale, na umri wangu huu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda akiwa hai.

Ninyi vijana wa leo mna dunia nzima mfukoni. Mngeiuliza simu, nayo ingewajibu kabla hamjafumba mdomo: karakana imefungwa. Mngeguna, mkaweka kikatuni cha kulia, mkarudi kulala. Ukweli mngekuwa nao wote. Mimi nilidanganywa, nikapuliza.