Chumvi ya Mama Amoding

Mvua za kwanza zilipoanza, boma letu huko Lumino lilinuka samadi mbichi hadi ndani ya chai. Mimi sikuona ubaya wowote. Ng'ombe walikuwa wa mama yangu, samadi ilikuwa yake, na tuliibeba kwa karai kichwani mpaka bondeni, majimaji yakitutiririka shingoni, tukaimwaga katika jaruba letu la mpunga na kuikanyaga ndani ya tope. Nilimwaga kwa jeuri, maana baba alikuwa ameoa mke wa pili, Mama Amoding, Mteso kutoka ng'ambo ya mpaka wa Malaba, na huyo hakuwa na hata ndama.

Alichokuwa nacho Mama Amoding ni kaka mfanyabiashara aliyemvushia mpakani mbolea ya dukani, nyeupe, punjepunje. Mama yangu aliiita chumvi. Mke mwenzake naye aliziba pua kila tulipopita na karai. Yeye hakujua Kisamia na sisi hatukujua Kiteso, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha yetu ya kugombania. Baba, badala ya kutuliza mambo, akatia kuni: mke ambaye jaruba lake litazaa zaidi ndiye atakayepewa kipande kipana kando ya kijito, kisichokauka hata kiangazi. Kila asubuhi nilikimbilia bondeni kuangalia mpunga wa nani umezidi, na kila asubuhi ulikuwa wa Mama Amoding, kijani cha kuchukiza, huku wetu ukijikongoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mimi nilimwona huyu amekuja ili tuugue. Nilimchukia hata binti yake, Amoding, ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Jaruba la mama yake lilikuwa juu na letu chini, maji yakipita katika pengo la tuta lililotutenganisha. Kabla ya kurusha mbolea ya dukani, mtu huliziba kwanza pengo hilo. Mama Amoding, ambaye kwao walilima mtama, hakuliziba. Alirusha asubuhi, alasiri ikaja mvua kubwa, na chumvi yake yote ikamiminika kwetu. Haukupita muda mpunga wetu ukanenepa mashina, ukatoa masuke mazito kuliko yake na ya majirani wote. Nilicheka peke yangu pale bondeni mpaka mbavu zikauma.

Wakati wa mavuno Mama Amoding alikuja mpaka mlangoni petu. "Hiyo mpunga ni ya mbolea yangu," alisema. "Maji ilibeba yote, ikakuletea."

Nilingoja mama amtimue. Mama aliendelea kupepeta, kisha akaweka ungo chini. "Kweli, chumvi ni yako. Lakini kwako ilikosa kitu ya kuishika, ikakimbia. Kwangu imekuta samadi. Sasa mwaka ingine mimi natoa wapi chumvi? Hiyo shamba ya mtoni, nalima mimi na wewe."

Nililia kwa hasira. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, lakini sisi tulikuwa tumeshinda! Msimu uliofuata niliwaona wameinama pamoja kando ya kijito, mmoja na karai, mwingine na mfuko, wakicheka jambo ambalo hakuna aliyenieleza.

Siku hizi nalima mpunga wangu mwenyewe kule Mwello. Natanguliza samadi, mbolea ya dukani inafuata kidogo kidogo, na mavuno yangu yanayashinda ya wale mama wawili wakati wao. Baba alishafariki. Wajane wake wanaishi nyumba moja, wakizungumza Kiswahili wanachokielewa wenyewe. Juzi mama aliugua, nikaenda mbio na mchele mpya, nikaupika mwenyewe, nikamlisha. Akameza kijiko kimoja, akageuza uso kuelekea mlangoni, akaniambia, si kwa Kisamia chetu bali kwa Kiswahili chao:

"Mwite Mama Amoding. Yeye ndiye anajua mimi napenda namna gani."

Nikatoka nje kumwita.