Glasi ya Samaki Safi

Wengine Rusizi hufuga ng'ombe. Honorine alifuga mbu. Aliwaweka viluwiluwi wao kwenye ndoo nyuma ya maabara ndogo ya Kamembe, na majirani walikwishakubaliana kwamba shule ndiyo iliyomharibu. Alikuwa akitafuta kipimo cha bei nafuu cha kugundua dawa ya wadudu kwenye samaki wakavu. Mashine ya kazi hiyo ipo Kigali, na majibu ya Kigali hufika samaki wameshaliwa na kusahauliwa. Kwa hiyo yeye alisuuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, akamimina maji yake kwenye glasi, akatia humo viluwiluwi. Wakicheza, samaki ni safi. Wakizama wametulia, samaki wametiwa kitu.

Kila jaribio lilitaka samaki safi wa kulinganishia. Hao aliwachota nyumbani, kwa mama mkwe wake Maman Véronique, mchuuzi wa sambaza kutoka Bukavu, ambaye ulimi wake ungetosha kufukuza inzi. Samaki hao hao walisagwa wakatiwa kwenye uji wa Nsimire, binti wa Honorine, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno.

Asubuhi hiyo, glasi ya samaki safi ilitulia tuli.

"Umechanganya glasi," alisema Nzabonimpa, mkuu wake. "Au mbu wako wamegoma."

Honorine hakucheka. Alianza upya. Viluwiluwi walijipinda, wakanyooka, wakazama. Juzi Nsimire alitapika, na nyumba nzima ikasema ni meno.

Alimpigia simu mama mkwe wake.

"Maman, samaki unawatia nini?"

"Miye? Chumvi na jua ya Mungu! Nani anakudanganya?"

"Nsimire amekula?"

"Iko anakula sasa hii. Sikia kijiko."

Alikisikia. Kilikuwa kinakwangua sahani.

"Maman, mnyang'anye!"

"Weye, ile masomo itakumaliza," alisema Maman Véronique, akakata simu.

Honorine alidandia pikipiki, koti jeupe likipepea, na dereva akadhani anakimbilia mgonjwa. Hakumsahihisha. Alijitahidi kutofikiria jinsi wale viluwiluwi walivyonyooka.

Uani, sambaza wabichi walikuwa wameanikwa juu ya chandarua kipya cha buluu, na nusu yake nyingine ikawafunika kama shuka. Ni kile walichopewa bure kwenye kituo cha afya. Harufu ya dawa ilikuwa bado kali.

"Angalia akili ya mama mukwe wako!" alisema Maman Véronique. "Inzi inatua, inakufa palepale. Banamuke bote ba soko banafanya hivi sasa."

"Inakufa kwa sababu chandarua kina dawa, Maman. Inaingia kwenye samaki."

Mwanamke yule aliyekuwa na jibu la kila mtu alimtazama mjukuu wake. Nsimire alikuwa mkekani, uji kidevuni, akinyoosha mkono kudai sahani yake.

"Mama Nsimire," alisema polepole. "Nimeua mutoto?"

Glasi za Honorine zilijua kinachoua kiluwiluwi. Kinachotosha kumdhuru mtoto, hazikuwahi kuulizwa. Alimbeba binti yake, akamnusa mdomo, akamtazama macho, na hakuona chochote cha kumtuliza wala cha kumkatisha tamaa.

"Sijui, Maman. Vaa viatu. Beba na chandarua, daktari akione."