Kila Kilio na Mti Wake

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa kuapa, kwamba ardhi ya Lubumbashi inapanda juu. Si maneno ya mafumbo: inapanda kweli, kama andazi kwenye mafuta. Habari hiyo niliipata sokoni, katika komuni ya Kenya, ile ya mjini kwetu, si nchi, kwa muuza viatu vya mitumba mwenye sauti ya mhubiri.

"Unaona hizi kamyo?" aliniuliza, akionyesha malori yaliyokuwa yakipita. "Kila siku banabeba shaba, banapeleka. Shaba iko muzito. Ukitoa mizigo mu kamyo, kamyo hainyanyuke? Njo vile udongo yetu! Iko nyepesi, inapanda, inakaribia jua. Njo maana joto!"

Nilirudi nyumbani nimeshakuwa profesa. Nilimweleza kila mtu, pamoja na mbuzi wa jirani.

Nyumbani kwetu ni Annexe, komuni ya pembezoni mwa mji, pale avenyu inapokwisha na dembo inapoanza, lile bonde la majimaji ambamo akina mama wanalima mchicha wa lengalenga. Baba alipanda avoka, mparachichi, mbele ya mlango kabla hajaweka tofali la kwanza. Mtasema naongeza chumvi; basi naongeza. Avoka zake zilikuwa kubwa kama vichwa vya watoto, na chini ya mti ule ingekaa kwaya nzima na ngoma zake. Mama alikaangia maandazi hapo. Alikuwa na presha, na muuguzi alimkataza jua: "Mama, ukae kwenye kivuli, unanisikia?" Mama akacheka. Kivuli alikuwa nacho, tena cha kugawia wengine.

Kisha baba akafa.

Kwetu kilio hukaa uani. Bashi, yaani turubai, hutandazwa juu ya parsele, kiwanja chote cha nyumba, viti hukodiwa, na wanaume huwasha moto wa magogo ambao hauruhusiwi kuzimika mpaka ndugu watawanyike. Baba mdogo, aliyefika kutoka Kasai, aliusimamia uwanja kama jenerali.

"Bantu batakala wapi hapa?" akauliza, akiutazama ule mti. "Na moto tutawasha na nini? Na mikono?"

Hakuna aliyepinga. Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, na mjane siku zile hawajibu mashemeji. Alisikia shoka tu. Kabla ya saa sita avoka ilikuwa magogo. Moto ulikuwa mzuri, watu waliusifu, na dada yangu mkubwa aliwapitishia chai bila kuutazama.

Wala hatukuwa wa kwanza. Avenyu yetu yote ilifanya hivyo. Kila kilio kililamba mti wake. Mgeni angeweza kupita na kujua nyumba zilizofiwa kwa kutazama visiki tu.

Baada ya hapo mama alianza kuhama. Asubuhi aliweka kiti chake upande huu wa nyumba, jioni upande ule, akifuata kivuli cha ukuta. Saa sita kivuli kilikuwa chembamba kama rula ya mwanafunzi, naye alijibana hapo, mgongo kwenye tofali la moto.

"Mama, leo umehamia wapi?" nilikuwa nikimtania.

"Niko mu safari, mwanangu. Nikifika nitakuandikia."

Tulicheka. Mimi nililitupia jua lawama zote.

Mchana niliuza misumari dukani. Jioni nilisoma mipango ya miji chuoni. Kazi yangu ya mwisho ya masomo ilikuwa kuichora upya avenyu yetu. Nilipanda miti pande zote mbili, kwa penseli. Nilichimba mitaro inayofuata mteremko mpaka kwenye dembo, na dembo lenyewe nikaliacha bila nyumba hata moja, linywe maji ya mvua badala ya vyumba vyetu kuyanywa. Katikati niliweka fahari yangu: uwanja mmoja wa kilio kwa avenyu nzima, wenye paa na miti kuuzunguka, ili maiti asiondoke tena na mti. Kwenye utangulizi niliandika kwamba ardhi inapanda. Mwalimu akaweka alama ya kuuliza pembeni. Nikadhani ameshangazwa na elimu yangu.

Siku ya kuitetea kazi hiyo, wanachuo walipiga makofi mpaka mabati yakataka kuruka. Niliipeleka kwa mkubwa wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, akaigeuza huku na huku.

"Iko muzuri sana, mutoto. Lakini hii dembo tulishaikata maparsele. Bantu banajenga."

Basi nikampelekea mama. Alipitisha kidole juu ya miti yote ile, polepole.

"Na mimi niko wapi hapa?"

"Hapa, mama, chini ya mti."

"Mbona sina kiti?"

Nikamchorea kiti.

"Sasa hii miti itakomaa lini?"

"Karibu tu, mama," nikasema, na wiki hiyohiyo nikapanda mche wa avoka kando ya kisiki cha baba.

Mama alifariki Oktoba, mvua haijafika, juu ya kiti chake pale ukutani. Mche ulikuwa unanifika gotini.

Kwa kilio chake hapakuwa na mti wa kukata, si kwetu, si kwa majirani. Tulinunua magunia ya makala, yaani mkaa, yaliyotoka mbali, kwenye msitu wa watu wengine. Chini ya bashi joto lilitupika. Baba mdogo, sasa mzee, alijifunika taulo kichwani.

"Jamani, hakuna hata fasi moja ya kivuli hapa?"

Kilioni kwetu ni lazima mtu achekeshe, na kazi hiyo huwa yangu. Nikasimama, nikawaeleza habari ya shaba na kamyo, jinsi ardhi ilivyompandisha mama mpaka karibu na jua. Wachache walicheka. Baba mdogo alitikisa kichwa, akakubali kwamba kweli, dunia imeharibika.

Dada yangu alikuwa anaosha sahani. Akaiweka chini aliyokuwa nayo, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Dunia haikupanda," alisema. "Jua iko fasi yake ya zamani. Tulikata mti ya mama, njo alikosa kivuli."