Pengo la Mita Moja na Nusu

Ofisini walimwita Dada Rula, na jina hilo hakupewa na adui. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichora barabara za mji ule: mitaro, matuta, makutano, kona zilizonyooshwa baada ya watu kuzilalamikia mpaka wakachoka. Ukimpa karatasi tupu na penseli, kabla hujamaliza kukohoa ameshakuwekea mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hata akiingia kwenye chumba cha wageni, kwanza hutazama viti vimepangwaje na watu watapita wapi. Aliwahi kuolewa, miaka mitatu, kisha akarudi kwa baba yake na sufuria mbili na rula. Akiulizwa kulikoni, husema, "Tulikutana kwenye njia nyembamba, hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake." Anacheka, nawe unacheka, mambo yanaishia hapo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo lilipita mbele ya nyumba yake kila Jumatano, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Lilikuwa lori. Lilipanda kutoka chini ya mtaa, likifika usawa wa geti lake linapiga honi mara mbili: moja ndefu, moja fupi. Yeye yuko jikoni tayari. Akisikia honi anafungua dirisha, mabawa yote mawili, anaegemea. Lori halisimami. Dereva hageuzi shingo, ila anaona. Kisha lori linamalizia mtaa, linaingia barabara kuu, linapotea, na Dada Rula anabaki ameshika kitasa cha dirisha mpaka chai ichemke na kumwagikia jiko.

Dereva yule ni kaka yake, wa tumbo moja, amemzidi miaka mitano.

Honi hiyo ilikuwa ya baba yao. Mzee alikuwa dereva wa malori, na akirudi safari alipiga vile vile, ndefu na fupi, maana yake, "Tengeni chai, nimefika." Watoto walitoka mbio. Kaka alipanda kibini, akakalia mapaja ya baba na kushika usukani. Yeye, mdogo, ndiye aliyekuwa utingo: alisimama nyuma uani, mikono juu, akiongoza rivasi. "Njoo, njoo, njoo... kata kushoto... njoo... hapo!" Baba alisema hajapata utingo mwenye macho kama ya mtoto wake yule. Huenda ndiyo sababu akaishia kuchora barabara.

Miaka sita iliyopita baba alifariki siku ya Jumapili. Kaka alikuwa safarini, nchi ya pili, simu haipatikani. Walipiga mpaka vidole vikachoka. Jumanne wazee wa ukoo waliketi, mvua ikawa inajikusanya, watu wengine wametoka mbali na wanataka kurudi. Baba mdogo akamgeukia Dada Rula, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye hapa. Tusubiri au tusisubiri?" Akasema, "Tusisubiri." Wakamzika alasiri hiyo hiyo.

Kaka alifika Jumatano asubuhi. Honi mbili kama kawaida, maana hakuna aliyemwambia. Alipoambiwa, alisimama getini na funguo za lori mkononi.

"Nani alisema nisisubiriwe?"

"Mimi," akajibu.

"Hata siku moja, mdogo wangu. Siku moja tu."

Akageuka. Tangu hapo hajakanyaga uani. Barua hapokei, simu anakata. Ila kila Jumatano anapita, anapiga honi ya baba, na dirisha linafunguliwa. Mazungumzo yao yote ya miaka sita yalikuwa hayo, na Dada Rula aliyatunza kama mtu anavyotunza yai mfukoni.

Sasa mtaa wenyewe ulikuwa umeharibika. Barabara kuu ilikuwa na kona iliyojikunja kama kiwiko. Malori marefu yalishindwa kuikata, foleni ikajaa, na madereva wakagundua kwamba wakipita mtaa wa Dada Rula wanaikwepa. Kilichoanza kama malori mawili matatu kikawa mto wa malori. Madirisha yalitetemeka, na nguo zilizoanikwa zilikauka na kuchafuka kwa wakati mmoja.

Aliyeumia zaidi ni mama yake fundi cherehani, jirani wa nyumba ya pili. Bibi huyo alikuwa na shoga yake ng'ambo ya barabara, wamekula na kusengenya pamoja miaka arobaini. Sasa miguu yao haiwezi tena kushindana na malori. Kila jioni walitolewa viti, huyu kwake na yule kwake, wakawa wanapungiana mikono kati ya lori na lori. Wakitaka kuambiana jambo, wanapiga kelele, na lori linapita katikati ya sentensi.

Fundi cherehani ndiye aliyeandika barua ya malalamiko na kuzunguka na kalamu nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Dada Rula akamwambia, "Shoga, wewe ndiye mwenye barabara. Ukikataa kutia saini nitakushonea gauni lenye mkono mmoja."

Akatia saini. Mkono ulikuwa mzito.

Barua ilifika ofisini, na kazi ikamfuata yeye. Mhandisi, kijana mchangamfu aliyeajiriwa juzi juzi, alisema, "Dada mkubwa, si unaishi hapo hapo? Basi kahesabu wewe. Utakunywa chai ya nyumbani." Akampa kile kidude cha kuhesabia, unabonyeza kwa gumba namba inapanda.

Alihesabu siku tatu, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, ameketi kwenye stuli nje ya geti lake. Siku ya pili ilikuwa Jumatano. Lori la kaka lilikuwa la tisa. Alilitambua kwa mbali kwa taa moja iliyopauka. Likafika, likakuta dirisha limefungwa, na mwenye dirisha ameketi nje na kofia ya ofisi kichwani. Honi ikapigwa, ndefu, kisha kimya kidogo, kisha fupi, kama mtu aliyesita katikati ya neno. Dada Rula akamtazama kaka yake usoni, kwa mara ya kwanza bila dirisha kati yao. Mvi zimempanda. Lori likapita. Akabonyeza: tisa.

Jumla ya siku hiyo ilikuwa sitini na tatu.

Alipoketi kuchora, mkono wake wenyewe ulianza na matuta. Matuta matano, yamepangika vizuri. Malori yangepunguza mwendo, yangepita polepole, na honi ingebaki. Aliutazama mchoro ule asubuhi nzima. Ulikuwa mchoro mzuri. Mwishowe akajiuliza, bibi yule atavukaje, malori sitini na matatu yakija polepole badala ya kuja mbio? Akachukua kifutio akafuta tuta moja moja.

Mchoro wa pili ulinyoosha ile kona ya barabara kuu, kikakatwa kipande cha uwanja uliokuwa umekaa bure, ili malori yapite huko bila kuhangaika. Na juu ya mtaa, pale unapokutana na barabara kuu, akaufunga: mapipa ya mchanga kwa wiki sita za majaribio, kisha zege. Katikati ya mapipa akaacha pengo la mita moja na nusu.

Mhandisi aliinama juu ya karatasi. "Safi. Hili pengo ni la nini?"

"La waendao kwa miguu."

"Sawa. Lakini dada mkubwa, mbona mshale wako unaelekea upande mmoja? Watu wataingia mtaani tu, hawatoki? Mtajaa humo!"

Dada Rula akatazama. Kweli, alikuwa amechora mshale mmoja, kutoka barabara kuu kuja ndani, kuelekea kwao. Miaka ishirini na miwili hajawahi kukosea mshale.

"Usingizi," akasema, akaongeza kichwa cha pili cha mshale haraka haraka, na mhandisi akamcheka mpaka saa ya chakula.

Kona ilinyooshwa kwa miezi minne. Mapipa yakawekwa siku ya Jumatatu. Jioni hiyo hiyo mtaa ulinyamaza, watu wakatoka nje kuusikiliza. Bibi akainuka kwenye kiti chake, akakataa kushikwa mkono, akavuka barabara hatua kwa hatua mpaka kwa shoga yake. Wakakaa. Dada Rula alikuwa karibu kiasi cha kusikia neno la kwanza.

"Umezeeka, we!"

"Na wewe je? Nilidhani ni vumbi ndilo linakufanya hivyo!"

Alicheka na wenzake, kisha akaingia ndani akaketi jikoni peke yake. Keshokutwa ilikuwa Jumatano.

Kibao cha tangazo kilikuwa kimewekwa chini ya mtaa, lakini mtu aliyepita njia moja miaka sita hasomi vibao. Saa kumi na mbili na dakika arobaini honi ikalia, dirisha likafunguka, lori likapita, na hatua mia mbili mbele likafunga breki kwa kelele. Mapipa.

Dada Rula akatoka na kanga na kandambili. Alijua hesabu zake: lori la urefu ule haligeuki pale. Lazima lirudi kinyumenyume mtaa mzima. Kaka alikuwa peke yake, bila utingo. Hakumwita, na yeye hakungoja kuitwa. Alikwenda nyuma ya lori, akainua mikono.

"Njoo! Njoo... njoo... kata kushoto, Kaka, kuna mtaro... njoo..."

Lori likamsikiliza. Likarudi taratibu, likapita geti lao, likapita kwa fundi cherehani aliyesimama mlangoni na futi shingoni, mdomo wazi. Chini ya mtaa kulikuwa na nafasi. "Hapo!" akasema, akapiga bodi makofi mawili kama zamani.

Akaja mpaka kwenye mlango wa dereva. Kaka ameshusha kioo.

"Nani kachora hii?"

"Mimi."

Kaka akatikisa kichwa. "Kila siku ni wewe."

"Iliyofungwa ni barabara, Kaka. Geti liko wazi."

"Nimeona kuna kipengo pale."

"Cha waendao kwa miguu."

"Mimi kazi yangu ni gari," akasema, akapandisha kioo. Akaondoka bila honi.

Jumatano iliyofuata Dada Rula alifungua dirisha mapema. Mtaa ulikuwa kimya mno, hata kuku alisikika akikwaruza. Kisha kule juu, mbali, kwenye barabara kuu: ndefu, fupi. Ilikuwa nyembamba kama inatoka kwenye chupa. Akatoka akasimama getini, macho kwenye pengo. Kwa mwendo wa miguu wanaoukadiria ofisini, mtu akiegesha lori kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu atafika pengoni kwa dakika tano. Kaka, anayeburuta mguu wa kushoto ulioangukiwa na jeki, tumpe saba. Alisubiri ishirini. Wakapita wanafunzi, akapita muuza maziwa. Akachelewa kazini.

Jumatano ya pili ikawa vile vile, ila mvua ilikuwa inanyesha, na honi ilipolia alikaa jikoni na dirisha limefungwa, hakutoka. Aliona aibu kusimamia pengo kama mlinzi.

Jioni fundi cherehani akamshika mkono. "Shoga, asubuhi kulikuwa na mwanamume kwenye mapipa. Kasimama kwenye mvua, kaweka kiganja juu ya pipa kama anapima homa ya mtoto. Nikamwambia, baba, pita basi, panapitika. Akaniuliza, 'Dirisha la nyumba ile siku hizi halifunguliwi?' Nikamwambia si mvua hiyo! Akageuka akaenda zake."

"Anaburuta mguu wa kushoto?"

"Huo huo. Mvua ilimficha uso. Ni nani yule?"

Dada Rula aliingia ndani akaketi jikoni mpaka giza likamkuta, na kilichokuwa kinamjia kichwani si honi wala dirisha, ni mshale. Mshale wenye kichwa kimoja, unaokuja kwake. Aliuongezea cha pili kwa sababu alichekwa.

Jumatano ya tatu aliamka mapema, akatengeneza chai nyingi, akaijaza kwenye chupa. Akachukua vikombe viwili vya bati, vile vya safari za baba. Dirisha la jikoni akaliacha wazi, mabawa yote mawili, akatoka.

Bibi alikuwa ameshatolewa nje na kiti chake. "Asubuhi yote hii unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kumsubiri mtu, bibi."

"Si umsubiri nyumbani?"

"Nyumbani nimeshasubiri."

Akapita kwenye pengo. Mapipa yalikuwa na baridi ya asubuhi. Alipitisha kiganja juu ya moja. Akasimama ukingoni mwa barabara kuu, kwenye kona aliyoinyoosha kwa mkono wake, mahali ambapo dereva anaona mbele mita mia mbili bila kizuizi. Malori yakapita, moja, mawili, gumba lake likabonyeza hewa kwa mazoea.

Kisha taa moja iliyopauka ikatokea.

Honi ndefu ikaanza, ikakatika katikati. Kaka alikuwa amemwona. Dada Rula akaweka chupa na vikombe chini, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, kama uani, akaanza kuvuta hewa kuelekea kwake. Malori yalikuwa yananguruma, hakuna neno ambalo lingesikika, lakini midomo yake ilikuwa inasema. Njoo, njoo. Njoo.

Lori likampita kwa upepo uliorusha kanga yake. Akageuka nalo, mikono bado iko juu.

Mbele, karibu na kituo cha mafuta, taa ya ishara ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima. Akaokota chupa na vikombe, akaanza kutembea.